Mgeni Mlangoni mwa Sinagogi: Habari ya Wayahudi wa Mbale

Kila Dominika hapa Katandala tunataja majina ya Kiyahudi bila kujua idadi yake. Tunaimba Sioni, tunataja Yerusalemu, tunamwita Abrahamu baba yetu. Tunasema Amina, Aleluya na Hosana, na yote matatu ni maneno ya Kiebrania. Watoto wetu wanaitwa Daudi, Eliya, Sara na Rebeka. Lakini ukimwuliza muumini wa kawaida kama amewahi kukutana na Myahudi, au kama anajua Wayahudi wanasali vipi leo, atasema Wayahudi ni watu wa kwenye Biblia, au ni watu wa kwenye taarifa ya habari wanaopigana vita mbali na sisi.

Hata hivyo, hawako mbali kama tunavyodhani. Nairobi ina jumuiya ya Kiyahudi tangu mwaka 1904. Sinagogi yao ya kwanza ilifunguliwa mwaka 1913, na hii ya sasa, karibu na makutano ya Uhuru Highway na University Way, ni ya mwaka 1955. Waliojenga walikuwa walowezi na wakimbizi kutoka Ulaya. Jumuiya ya pili ndiyo itakayotushughulisha zaidi, kwa sababu ni ya Waafrika wakulima kama sisi, wanaolima mahindi, ndizi na kahawa kwenye vilima vya Mbale, mashariki mwa Uganda, chini ya Mlima Elgon. Wanajiita Abayudaya, yaani Wayahudi kwa lugha ya Kiganda. Leo wanakadiriwa kuwa watu 2,000 hivi.

Wageni wa zamani

Mkristo kuingia sinagogi kama mgeni si jambo geni. Kanisa lilianzia humo. Luka anatuambia kwamba Yesu alikuwa na desturi ya kwenda sinagogi siku ya Sabato, na kwamba huko Nazareti alisimama akapewa kitabu cha nabii Isaya (Lk 4). Paulo kila alipofika mji mpya aliitafuta sinagogi kwanza.

Matendo ya Mitume yanataja pia watu wa aina nyingine ndani ya masinagogi hayo, yaani wamataifa waliomcha Mungu. Hawakuwa Wayahudi wala hawakutahiriwa, lakini walikuja, wakaketi, wakasikiliza Torati na Manabii. Korneli, yule akida wa Kaisaria, alikuwa mtu wa namna hiyo. Akida wa Kafarnaumu, ambaye maneno yake tunayarudia kila Misa kabla ya kukomunika, aliwajengea Wayahudi sinagogi (Lk 7). Basi sisi tusio Wayahudi tulianza safari yetu ya imani tukiwa wageni tulioketi nyuma na kusikiliza, na tulipata mengi kwa kusikiliza.

Mtu aliyesoma akatoka kwa mlango mwingine

Habari ya Abayudaya inaanza na mtu mmoja, Semei Kakungulu. Alizaliwa karibu na mwaka 1869, akakulia katika Buganda ya wakati ule wamisionari wa Kiprotestanti na Mapadre Weupe walipokuwa wakishindania roho za watu pale ikulu ya Kabaka. Ni Mapadre Weupe hao hao waliofika Karema, kwenye ufuko wetu wa Tanganyika, mwaka 1885. Kakungulu alibatizwa upande wa Waprotestanti, akajifunza kusoma, akawa jemadari hodari. Aliwasaidia Waingereza kuiteka Uganda ya mashariki, na mji wa Mbale aliuanzisha yeye. Alitumaini kupewa ufalme wa nchi alizoziteka. Badala yake Waingereza walimpunguzia madaraka hatua kwa hatua, na mwishowe alirudi Mbale akiwa na uchungu moyoni.

Akajiunga na kundi lililoitwa Bamalaki, Wakristo waliokataa dawa za hospitali na kushika Sabato ya Jumamosi. Huko akaendelea kusoma Biblia ya Kiganda, hasa vitabu vya Musa. Aliposoma agizo la Mungu kwa Abrahamu kuhusu tohara, aliona halina mwisho wa muda. Wenzake wakamwambia kwamba tohara ni ya Wayahudi tu. Akawajibu kwamba ikiwa ni hivyo, basi yeye ni Myahudi. Mwaka 1919 alitahiriwa pamoja na wanawe, akaenda kuishi Gangama na wafuasi wake. Mwaka 1922 alichapisha kitabu cha Kiganda chenye sala na kanuni za jumuiya yake.

Mwanzoni imani yao ilikuwa na mchanganyiko, kwa maana mambo kadhaa ya Kikristo yalibaki. Baadaye Wayahudi wachache wa kigeni waliopita Mbale waliwafundisha kalenda ya sikukuu, sheria za vyakula na sala za Kiebrania, na Abayudaya wakayaacha mambo ya Kikristo. Kakungulu alifariki mwaka 1928. Jumuiya ilipungua na kugawanyika, lakini haikufa. Mzee Samson Mugombe, mmoja wa wanafunzi wake, aliishikilia kwa miaka mingi.

Sisi Wakristo tunaisomaje habari hii? Wepesi wetu ni kusema kwamba mtu huyu alipotea, tukafunga ukurasa. Kweli, sisi tunaamini kwamba Yesu wa Nazareti ndiye Masiya aliyeahidiwa, na Kakungulu aliacha kuamini hivyo. Tofauti hiyo ni kubwa na adabu haiwezi kuiondoa. Hata hivyo tujiulize ni wangapi kati yetu waliosoma kitabu cha Mwanzo hadi kikawagharimu kitu. Yeye kilimgharimu urafiki wa watawala na heshima ya mjini. Tena tukumbuke kwamba Paulo, alipowaandikia Waroma kuhusu ndugu zake waliokataa kumwamini Kristo, alisema anaumia moyoni kwa ajili yao. Hakuwadharau.

Ibada ya Sabato

Kitovu cha Abayudaya ni kilima cha Nabugoye, nje kidogo ya mji wa Mbale. Sabato yao huanza Ijumaa jua linapozama na kwisha Jumamosi usiku nyota zinapotokea. Kabla ya jua kuzama mishumaa imeshawashwa nyumbani na chakula kimeshaivishwa, kwa sababu katika Sabato hawawashi moto.

Mgeni akifika mlangoni, mwanamume hupewa kofia ndogo ya kufunika kichwa. Sisi mwanamume akiingia kanisani anavua kofia kwa heshima, na wao wanaivaa kwa heshima ile ile. Simu huzimwa, na mgeni hapigi picha wala haandiki kitu, maana kuandika pia ni kazi. Hapo Nabugoye wanaume na wanawake husali pamoja. Katika kijiji cha Putti, ambacho kinafuata mapokeo ya Kiyahudi ya Kiorthodoksi, huketi mbalimbali.

Mbele ukutani, upande wa Yerusalemu, kuna kabati lenye pazia. Juu yake au karibu nayo huwekwa taa isiyozimwa. Mkatoliki anayeiona taa hiyo atakumbuka mara moja taa ya tabernakulo, na hakosei, kwani zote mbili zinakumbusha taa iliyowaka katika hema la Musa. Ndani ya kabati kuna Torati, vitabu vitano vya Musa vilivyoandikwa kwa mkono kwenye ngozi na kuviringishwa kwenye miti miwili. Gombo zima lina herufi zaidi ya 300,000. Ikionekana kwamba herufi moja imeharibika, gombo halisomwi mpaka litengenezwe.

Ijumaa jioni ni wakati wa nyimbo. Wanaimba Zaburi, nyingine kwa Kiebrania na nyingine kwa Kiganda, kwa sauti walizotunga wenyewe. Nyimbo hizo zilitolewa kwenye santuri nchini Marekani mwaka 2003, na zikateuliwa kushindania tuzo ya Grammy. Mtu wa kwaya akizisikia hatatafuta mkalimani wa kumwambia kwamba hii ni Afrika, kwa sababu kiongozi anaanzisha, watu wanaitikia, na sauti zinajigawa zenyewe. Ufikapo ubeti wa mwisho wa wimbo wa kuikaribisha Sabato, wote hugeuka kuelekea mlangoni na kuinama, kama watu wanaompokea bibi arusi anapoingia.

Jumamosi asubuhi Torati hutolewa kabatini na kuzungushwa kati ya watu. Kila mmoja huigusa kwa pindo la shuka ya sala au kwa kitabu chake, kisha hubusu pindo hilo. Halafu hufunguliwa mezani. Msomaji haigusi ngozi kwa kidole, hufuata mistari kwa kijiti chenye umbo la mkono. Torati yote husomwa kwa mwaka mmoja, sehemu kwa sehemu, na wakimaliza habari ya kifo cha Musa huanza tena na uumbaji wa mbingu na nchi. Baada ya Torati husomwa sehemu ya Manabii. Hapo Mkristo anaelewa kilichotokea Nazareti: Yesu alipopewa kitabu cha Isaya alikuwa anafanya somo la Sabato, kama msomaji wetu anavyoitwa mimbarani.

Asubuhi na jioni hukiri kwamba Bwana Mungu ni mmoja, na wengi hufunika macho kwa mkono wanaposema ungamo hilo. Mwanasheria alipomwuliza Yesu amri iliyo kuu, Yesu alijibu kwa kuanzia na ungamo hilo hilo (Mk 12). Baada ya ibada kuna baraka ya divai na mkate. Mikate huwa miwili chini ya kitambaa, kwa kumbukumbu ya mana iliyookotwa mara mbili siku ya sita ili Sabato watu wapumzike. Sala anazosema Padre wetu anapotolea mkate na divai zinafanana sana na baraka hizo za mezani.

Mgeni haitwi kusoma Torati wala haombwi kukiri chochote. Hakuna anayemwuzia mafuta, chumvi au maji ya baraka. Nalisema hili kwa sababu siku hizi wako wahubiri wanaotembeza bendera, pembe na vitambaa vyenye nyota ya Daudi wakidai vina nguvu za Kiyahudi. Anayetaka kujua Uyahudi ulivyo aende akawaone watu waliokaa kimya wakisikiliza somo refu kutoka kitabu cha Walawi.

Kwaresima ndefu ya Abayudaya

Idi Amin alitwaa madaraka Uganda mwaka 1971. Katika utawala wake dini ya Kiyahudi ilipigwa marufuku. Masinagogi yaliharibiwa au kufungwa, na vitabu vya sala vilifichwa. Wengi walijiunga na Ukristo au Uislamu ili waishi. Inakadiriwa kwamba kabla ya hapo walikuwa watu kama 3,000, na utawala ulipokwisha walibaki kama 300. Waliobaki walisali gizani, majumbani, kwa sauti ya chini.

Sehemu inayofuata inatuhusu Watanzania moja kwa moja. Baada ya majeshi ya Amin kuvamia Kagera mwishoni mwa mwaka 1978, jeshi letu, JWTZ, lilivuka mpaka pamoja na Waganda waliokuwa uhamishoni. Kampala ilitangazwa kuwa imekombolewa tarehe 11 Aprili 1979. Kwetu siku hiyo ilikuwa Jumatano ya Juma Kuu. Kwa Wayahudi, jua lilipozama jioni ya siku hiyo hiyo, Pasaka yao ilianza, yaani sikukuu ya kutoka utumwani Misri. Abayudaya hawajaisahau tarehe hiyo.

Askari wetu hawakwenda kwa ajili ya Wayahudi, na wengi wao hawakujua kwamba watu hao wapo. Walikuwa Wakristo, Waislamu na wa dini za jadi, vijana wa makabila mbalimbali. Lakini mlango waliousukuma uliwafungulia pia wale waliokuwa wakinong'ona Zaburi huko Mbale.

Miaka ya themanini vijana wa jumuiya walirudi kwenye kilima cha Nabugoye wakaanza upya. Mwaka 2002 marabi kutoka nje walikuja kuwapokea rasmi mamia yao katika Uyahudi. Gershom Sizomu, mjukuu wa mzee Mugombe, alisoma Los Angeles akapewa daraja la urabi mwaka 2008, na mwaka 2016 akachaguliwa kuwa mbunge. Waliompigia kura wengi walikuwa Wakristo na Waislamu. Na mwaka 2004 wakulima wa Kiyahudi, Kikristo na Kiislamu wa eneo hilo waliunda ushirika wa kahawa waliouita Mirembe Kawomera, maana yake amani tamu.

Pasaka nyingine

Sasa tuitazame Pasaka nyingine, isiyotupa furaha. Mwaka 1903, katika mji wa Kishinev uliokuwa chini ya Urusi, ulienea uvumi kwamba Wayahudi wamemwua mtoto wa Kikristo ili watumie damu yake. Ulikuwa uongo mtupu. Tarehe 19 Aprili, Dominika ya Pasaka kwa kalenda ya Wakristo wa huko, umati uliingia mitaa ya Wayahudi. Kwa siku tatu walivunja nyumba, wakabaka na kuua. Wayahudi 49 waliuawa. Waliofanya hivyo walikuwa watu waliobatizwa, katika siku ambayo makanisa yalitangaza kwamba Bwana amefufuka.

Mauaji hayo yaligusa hadi Afrika Mashariki. Mwaka huo huo waziri wa makoloni wa Uingereza, Joseph Chamberlain, alimpa Theodor Herzl na chama chake pendekezo la kuwapa Wayahudi waliokuwa wakiteswa ardhi ya Uasin Gishu, ambayo leo iko Kenya. Watu wa kale waliita mpango wa Uganda. Wenyeji wa nchi hiyo hawakuulizwa. Mkutano wa Wazayuni uliukataa mpango huo mwaka 1905.

Ndugu msomaji, sisi wa Rukwa tunapaswa kuielewa Kishinev kuliko wengi. Tunajua uvumi unavyofanya kazi. Tunajua jinsi mama mzee mwenye macho mekundu anavyoweza kuuawa kwa neno lililosemwa kilabuni, na jinsi ndugu zetu wenye ualbino walivyowindwa kwa ajili ya viungo vyao. Tena tunajua kusingiziwa kama watu. Mtu akisema kwenye basi kwamba anatoka Sumbawanga, wenzake huanza utani wa uchawi, na wengine hawatanii. Kabila zima, mkoa mzima, tumepewa jina ambalo hatukujichagulia. Wayahudi wamebebeshwa jina la namna hiyo kwa karne nyingi, na mara nyingi limetoka vinywani mwa Wakristo waliosema kwamba Wayahudi walimwua Yesu.

Kanisa limesema wazi juu ya jambo hili. Tamko la Nostra Aetate la Mtaguso wa Pili wa Vatikano, lililotolewa tarehe 28 Oktoba 1965, lilifundisha kwamba mateso ya Kristo hayawezi kubebeshwa Wayahudi wote wa wakati ule, wala Wayahudi wa leo. Liturujia yetu inafundisha hivyo pia, tukiiangalia vizuri. Dominika ya Matawi na Ijumaa Kuu, historia ya Mateso inaposomwa kwa kugawana sauti, sauti ya umati unaodai Yesu asulubiwe hupewa mara nyingi waumini wenyewe. Ni sisi tunaoitamka. Mama Kanisa ametuwekea kinywani mwetu maneno yale ili tusimtafute mkosaji nje ya mlango.

Kiti cha mwenyeji

Wazee wa Ufipa wanasimulia habari ya Milanzi. Mtemi alikuwa hayupo, amekwenda kuwinda, wakafika wanawake watatu wageni. Walipokaribishwa walikaa kwenye kiti cha utemi, na mwenyeji aliporudi alikuta utawala umeshahama. Baadaye walielewana: wageni wakatawala nchi, na mwenyeji akabaki na Milanzi yake na wajibu wake wa kiibada, na hakuna aliyethubutu kusema kwamba hayupo tena.

Kwa muda mrefu Wakristo tulikuwa kama wageni wale, tena tulikuwa wabaya zaidi. Tuliingia nyumba ya Israeli, tukapokea Maandiko yake, Zaburi zake na Mungu wake, kisha tukamwambia mwenyeji kwamba hana tena haki ya kuwapo. Paulo alituonya mapema. Aliandika kwamba sisi ni tawi la mzeituni mwitu lililopandikizwa, na kwamba tawi lisijisifu juu ya shina linalolibeba (Rum 11). Alisema pia kwamba Mungu hajutii zawadi alizotoa.

Baba Mtakatifu Yohane Paulo II aliingia sinagogi kuu ya Roma tarehe 13 Aprili 1986, akapokelewa na Rabi Elio Toaff. Umbali kutoka Vatikano hadi hapo ni wa kutembea kwa miguu, lakini kwa ziara ya aina hiyo ulikuwa umechukua karne nyingi. Aliwaambia kwamba kwa namna fulani wao ni ndugu zetu wakubwa. Papa Benedikto XVI alifika humo mwaka 2010, na Papa Fransisko mwaka 2016. Hakuna aliyeacha imani yake mlangoni. Walikwenda kama wageni, wakaketi walipoelekezwa, wakasikiliza.

Wachache kati yetu watafika Nabugoye. Lakini kila mmoja wetu husikia somo la kwanza Dominika, na mara nyingi tunalisikiliza kama tunavyosubiri mvua ipite ili safari ianze. Hapo ndipo pa kuanzia. Katekista anayefundisha juu ya Ijumaa Kuu atumie neno sahihi, aseme viongozi fulani na umati fulani, asiseme Wayahudi. Mzazi anayesoma Zaburi na watoto wake usiku awaambie kwamba kuna watoto Mbale ambao nao wanazisoma, katika Kiganda na Kiebrania, na kwamba babu zao walizisoma kwa kunong'ona wakiogopa kusikika. Na mwenzetu akianza kusema vibaya juu ya watu hao bila kuwajua, tumwulize kama angependa Sumbawanga isemwe hivyo.